Mguu wa Bi Nyamizi

Ulipita mlangoni pa wodi ya mifupa, ukauona mguu wa Bi Nyamizi ukivutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, ukageuza uso. Usijidai hukuona.

Kila darasa jipya la udaktari huletwa kitandani pake, na kila mwanafunzi huukunja ule mguu ili asikie mfupa uliovunjika ukisagana. Ukianza kuunga tu, wanautengua tena. Amechoka hata kulia.

Leo profesa alipofika na kundi lake, Bi Nyamizi aliufunika mguu kwa kanga, akaishika kanga kwa mikono miwili.

"Mama, hawa wanajifunza," profesa alisema.

"Wajifunzie wako, baba. Huu wangu umeshahitimu."

Wanafunzi waliangua kicheko. Profesa hakucheka. "Na kesho utataka utibiwe na nani?"

"Kesho nataka kutembea."

Profesa akashika pindo la kanga, akavuta. Bi Nyamizi naye akavuta. Mwanafunzi mmoja wa kike akasogea, akaweka kiganja juu ya kanga, asivute huku wala kule.

Ewe uliyesimama nje, ingia. Shika upande wa Bi Nyamizi, sasa hivi, vidole vyake vinaachia.