Kijistari Chekundu

Damu ilidondoka juu ya ramani kabla mgeni hajasalimia.

Persis Kemuma alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa turubai la hema. Mwanamume aliyesimama mlangoni alikuwa na panga mkononi, limelowa hadi kwenye mpini. Shati lake lilikuwa limechanika begani na nyama ya bega ilionekana. Alivua kofia, akaishika kifuani, akauliza kwa Kigusii kama ni yeye anayetumia ile mashine ya mipaka.

"Ni mimi, baba," Persis akasema.

Hakuwa amewahi kumwona. Persis alitoka Magwagwa, mbali na hapa, na tangu wapimaji wa ardhi wapige kambi hapa nje ya Keumbu, mapema mwaka huo wa 1974, kazi yake ilikuwa humu hemani, wenzake wakivuta minyororo ya kupimia mashambani. Lakini ugomvi wa watoto wa mzee Nyamweya aliujua. Ndugu wawili, Okemwa na Obwocha, walikuwa wakigombania kipande cha chai kilichokaa katikati ya mashamba yao. Asubuhi hiyo Okemwa alikuwa amemvunja taya mshika mnyororo wao, Abner, kwa mpini wa jembe, kisa tu amepigilia kigingi mahali asipopapenda. Wapimaji walimpakia Abner garini, mdomo ukimwaga damu na meno, wakamkimbiza mjini Kisii hospitalini na kuita polisi. Persis akaachwa alinde vyombo.

Obwocha hakuwatia wasiwasi. Huyo alikuwa shemasi wa Wasabato, mtu ambaye hata ng'ombe wake hakuwachapa.

"Nataka kujua chai ni ya nani," mgeni alisema.

Persis alimjibu kwamba hayo yangesomwa kesho barazani, mbele ya chifu na ndugu wote wawili.

"Ndugu yangu hatafika kesho." Alisema polepole, macho yakiwa kwenye panga. "Na watu husema wanachotaka. Nataka mashine iseme, nami nione."

Kwa hiyo shemasi amekufa, Persis akawaza. Mtu aliyevunja taya la Abner kwa sababu ya kigingi angemfanya nini yeye kwa sababu ya shamba zima la chai?

Alivuta mashine. Ilikuwa ndogo, yenye namba nyekundu, nayo haikuwa na kitufe cha sawasawa kama mashine nyingine za hesabu. Manasseh Nyangau, mkuu wa wapimaji, alimfundisha kwa sahani za bati za jikoni. Namba ni sahani, alimwambia, huzipanga moja juu ya nyingine. Iliyoingia mwisho ndiyo hutoka kwanza. Ukibonyeza kitufe cha kutoa, mashine huitoa sahani ya juu katika ile iliyo chini yake. Na rundo lina nafasi nne tu. Ukiingiza namba ya tano, ya chini kabisa inapotea. Persis alipopoteza pembe ya shamba la watu kwa njia hiyo, Manasseh alimpiga rula kwenye vifundo vya vidole mpaka ngozi ikapasuka. Lakini kitufe alichomwogopesha nacho zaidi ni kile cha kubadilishana, kinachoishusha sahani ya juu na kuipandisha iliyo chini yake. Kiguse bila kufikiri, alisema, na umempa mtu ardhi ya jirani yake.

Persis alikuwa ameipiga hesabu hiyo tangu asubuhi. Jibu alilijua. Chai ilikuwa ya Obwocha.

Alimweleza mgeni kwamba ataingiza kwanza namba ya pembe ya zamani, kisha namba ya kigingi, halafu atatoa. "Kijistari cha kutoa kikitokea mbele ya jibu, chai ni ya Obwocha. Kisipotokea, ni ya Okemwa."

Mgeni alikubali kwa kichwa, akainama juu ya meza. Alinuka jasho na majani mabichi. Damu ya bega lake ilitiririka mpaka kwenye kiwiko, ikadondoka karibu na mkono wa Persis.

Aliingiza pembe. Akaingiza kigingi. Obwocha hahitaji chai tena, alijiambia, na kesho Manasseh atasahihisha mbele ya bunduki za polisi. Leo ni lazima awe hai. Akabonyeza kitufe cha kubadilishana, kisha cha kutoa.

Namba zikawaka. Mbele yake hapakuwa na kitu.

"Rudia," mgeni alisema.

Alirudia. Pembe, kigingi, kubadilishana, kutoa. Mgeni aliweka kidole chenye damu kwenye kioo, mahali ambapo kijistari kingekaa, akakisugua kana kwamba pana vumbi. Damu ikakifunika kioo. Persis akakipangusa kwa ncha ya gauni lake. Palikuwa patupu.

"Nawe huwezi kukosea?"

"Mashine haikosei, baba," Persis akasema. "Chai ni ya Okemwa."

Alisubiri acheke, au amtupie neno la shukrani, au aondoke. Mtu huyo aliketi chini kwenye udongo kama aliyekatwa miguu. Aliliweka panga kando yake, taratibu, akakitazama kiganja chake.

"Nimemkata nikimwita mwizi," alisema. "Kumbe Okemwa alikuwa akichuma chai yake."