Saa Mbili ya Kompyuta

Majaribio yote ya programu yalitoka kijani kwenye skrini: yamepita. Bwana Kihedu, aliyeiandika programu, alisimama nyuma ya kiti cha Zamzam, aliyekuwa akiikagua.

"Wodi ya wanawake nimeshawawashia. Itume na kwingine, dada."

Programu ilitakiwa kupiga kengele kila mgonjwa wa sukari anapofikia wakati wa sindano. Zamzam hakuituma. Nesi alikuwa amemwambia kwamba sindano ni saa mbili asubuhi, kabla ya chai. Akaisimamisha programu katikati ya jaribio, kwenye mstari wa saa, akatazama namba iliyokaa pale. Mbili.

"Kompyuta inaanza kuhesabu saa sita usiku, bosi. Mbili yake ni saa nane usiku."

"Mbona jaribio limepita?"

"Nalo umeliandikia mbili."

Akaifuta mbili ya kwenye jaribio, akaandika nane, akaliendesha tena. Mstari mwekundu ukajitokeza kwenye skrini: limeshindwa. Kihedu akainua macho kwenye saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa umefika kwenye nane, naye, kama kila mtu wa mji ule, akasoma saa mbili.

Ng'ambo ya ua, katika wodi ya wanawake, kengele haikulia. Vilisikika vikombe vya chai vikianza kugongana.