Mtobozano

"Gonga tena," Mayala alisema, na Salu, aliyebanwa mguu na jiwe, akaugonga mwamba kwa nyundo. Wakatega masikio. Mlio wa mtarimbo ulikuwa unakuja, polepole, kutoka ndani ya mwamba.

Duara lao, shimo la dhahabu nje kidogo ya Bariadi, lilikuwa limeporomoka nyuma yao. Maji yalikuwa yamewaishia zamani. Hewa nayo ilikuwa inakwisha, na Mayala, mjuaji wa kila kitu huko juu, hapa chini hakuwa na la kufanya.

"Mbona wanatokea upande wa kwa Selestini, shemeji?"

"Wamezunguka. Kwetu si kumefukiwa? Usilale wewe. Njia ya shimo moja ikitoboa ya shimo lingine, inaitwaje?"

"Sijui."

"Mtobozano. Limetoka kwenye kutoboa: mimi nakutoboa, wewe unanitoboa. Nimelitoa Mererani. Huku kwetu neno hilo lilikuwa nduhu, halikuwepo kabisa. Nani alichimba zaidi ya kisima? Limekuja na hii ruksa ya kila mtu achimbe."

Maneno hayohayo aliwasimulia kina Selestini, majirani wa shimo la pili, mwaka ule pamba ilipokosa bei na nusu ya kijiji kikashika sururu. Aliwavunja mbavu. Mkisikia wezi wanawakaribia chini kwa chini, aliwaambia, chomeni mpira wa gari, tieni pilipili, pepeeni moshi uwafuate. Watalia eti wamefukiwa. Msiwaonee huruma, ni waigizaji hao.

Salu alicheka kidogo, kisha akakohoa sana. Mayala akamshika mkono. Mkewe ndiye aliyemkabidhi kaka yake huyu, tena kwa kumkazia macho, na sasa angemwambia nini?

Udongo ukadondoka. Tundu likafunguka, la kupitisha kidole, na mwanga wa kurunzi ukapenya. Mayala alilia bila aibu.

"Jamani, tumefukiwa," aliita, koo limekauka, sauti inakwaruza hata mwenyewe hakuitambua. "Tuna majeruhi. Tuokoeni."

Upande wa pili mtu akacheka. Mwanga ukaondoka.

"Wamefurahi kutukuta hai," Mayala alimwambia shemeji yake. "Wamekwenda kuita wenzao."

Wakasubiri, wamegeuzia nyuso kwenye tundu, wakigombea ile hewa kidogo.

"Shemeji," Salu alisema, "mbona inanuka pilipili?"