Jiko Apewe Wifi

"Jiko hatutaki," mama mshonaji alimkatiza muuzaji. "Tunalo moja nyumbani, na lenyewe linahama leo."

Muuzaji akarudisha mfukoni karatasi yake ya bei. Alizoea wateja wanaotaka jiko lisilotoa moshi. Wasiotaka moto kabisa hakuwahi kuwaona. Mama akamweleza kwamba kuanzia kesho yeye na mumewe watakula vibichi tu: matunda, majani, karanga zilizolowekwa. Alitaka mashine za kazi hiyo, na zote zienee kwenye kaunta yake fupi, kati ya sinki na friji.

Mumewe, fundi viatu mstaafu, alisimama nyuma akimshikia mkoba, baridi kama maji ya mtungi.

Ukweli ni kwamba mama hakuwa na ugomvi na moto. Ugomvi wake ulikuwa na mpishi. Tangu mzee afunge kibanda chake cha viatu, alikuwa amehamia jikoni na kumwambia mkewe apumzike, amepika vya kutosha. Mama alifurahi mpaka alipoonja. Wali uliungua chini na juu ukabaki mchele, mchuzi haukuwa na chumvi wala tone la mafuta, na viazi vilichemshwa hadi vikakata tamaa. Mzee naye akikaa mezani humtazama kama mtoto anayesubiri kusifiwa. Angemwambiaje? Mtu ameinamia soli za watu miaka yote ili watoto wasome, leo amepata kitu cha kumfurahisha, umvunje moyo kwa sababu ya wali? Mama alimpenda mumewe, na alikuwa na njaa. Aliposikia redioni habari za kula vibichi, akaona ameokoka: kisichopikwa hakiunguzwi.

Wakaanza na blenda. Mama aliuliza kama kisu chake kinafunguka, maana nyuzi za embe zikinasa pale hutoka kwa maombi. Akachukua yenye jagi la kioo kizito. Ya kukamua juisi alichagua inayozunguka polepole. Ya kukaushia matunda aliipima kwa shubiri, akaona haitaingia chini ya kabati, akaiacha.

"Na hiki?" mzee akauliza. Alikuwa amesimama mbele ya kikaangio cha umeme, anapapasa mpini wake. "Cha viazi, mara mojamoja."

"Mzee, tumekubaliana nini?"

"Nauliza tu, mama watoto. Mimi naona vibichi hutaviweza. Wewe mtu wa kukaanga."

Hapo akawa ameharibu. Mama hakuwa mtu wa kuambiwa hawezi, wala wa kuambiwa aache. Wifi yake, dada wa mzee, ambaye ni muuguzi, alipomshauri apunguze mafuta kwa ajili ya presha yake, mama alikaanga viazi sufuria nzima siku hiyohiyo, akavila mbele yake huku akilamba vidole. Sasa akanyoosha mgongo na kutangaza kwamba ataviweza, na kwamba hata kikaangio chao cha zamani kitaondoka pamoja na jiko. Wifi apelekewe vyote.

"Haya," mzee akasema kinyonge. "Wewe ndiye msemaji."

Ikabaki mashine ya kukatia mboga. Muuzaji alimpa mzee karoti na kisu, ashindane nayo aone tofauti. Kabla muuzaji hajapata pa kuchomeka waya, karoti ilikuwa imelala ubaoni, vipande vyembamba vinavyolingana. Muuzaji akaitazama mashine yake, akairudisha kwenye boksi.

"Amekata ngozi maisha yake yote," mama akacheka. "Mkono anao, tatizo ni moto."

Akauma ulimi. Kwa bahati mzee alikuwa ameinama anabeba blenda, akaonekana hakusikia.

Jioni mama alisaga nanasi na mchicha, akanywa glasi nzima, akashangaa kwamba ni tamu, akajikuta anaimba. Shibe imepatikana na hakuna aliyeumizwa. Alimsaidia mzee kupakia jiko na kikaangio kwenye gari la jirani, akamfuta vumbi begani, na kwa kweli akamwonea huruma. Mzee akasema asimsubiri, pengine dada yake hatajua kuliunganisha.

Kwa dada yake, muuguzi alikuwa ameshaosha samaki na kuloweka mchele. Jiko liliwekwa karibu na dirisha, likawaka mara moja. Muuguzi akavuta kiti, akauliza kama mgonjwa amekubali.

"Kaamua mwenyewe," mzee akasema, akijifunga aproni. "Hata kikaangio kanikatalia."

"Na wewe, kaka, utaishi kwa majani?"

"Nitakuwa napita kukagua jiko."

Akapunguza moto kabla vitunguu havijaungua, akaonja, akaongeza ndimu kidogo. Wali ulitoka punje kwa punje, kama ule aliokuwa akiwapikia wadogo zake kabla hajaoa, na muuguzi akasogeza sahani aongezewe.