Mpaka Makinda Waruke

"Bado wapo," mzee alisema kwenye simu, ameligeuzia dirisha mgongo. "Nimewasikia leo asubuhi. Wanalilia chakula kweli kweli."

Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo simu aliifungulia sauti mpaka mwisho, na mshonaji wa chumba cha pili akasikia bila kutaka. Binti alijibu kwa upole kwamba basi wasisumbuliwe, waachwe wakue. Akamtakia babake usiku mwema. Mshonaji alikata uzi kwa meno, akasonya. Mtoto ana subira yule. Angekuwa yeye, angeshakuja na gari akambeba mzee mzima mzima na kiti chake.

Habari yenyewe jengo zima liliijua. Mzee alikuwa fundi saa. Mkewe alipofariki alifunga duka, akabaki na kitanda, redio na dirisha linalotazama mti mkubwa wa uani. Binti yake, mtoto wake wa pekee, ana nyumba ya nafasi upande wa pili wa mji, na watoto anao, na ilishakubaliwa kwamba mzee atahamia huko. Lakini eti mpaka makinda waruke.

Makinda wenyewe wa ndege gani? Ndege mdogo, rangi ya gome, usipoonyeshwa humwoni. Mzee alimwita Mkwezi. Alianzia chini kabisa ya shina, akapanda kwa kulizunguka, mkia kauegemeza kwenye mti asije akateleza, huku mdomo wake mwembamba uliopinda ukichokoa buibui na mayai ya wadudu kwenye nyufa. Akifika juu, anajiachia hadi chini ya mti wa pili, anaanza upya. Kushuka kwa miguu hajui kabisa. Kiota alikijenga nyuma ya gome lililobanduka, na makinda walipoanguliwa, yeye na mwenzake walipishana hapo kutwa nzima, midomo imejaa.

Siku zile mzee alikuwa na raha yake. Alimwita mshonaji dirishani kila mara, njoo uone, njoo uone, mpaka kazi za watu zikalala. Alimletea na suruali aipunguze, wajukuu wasije wakamcheka. Asubuhi moja alionekana amekaa mlangoni ameivaa, imepigwa pasi, kiatu kinang'aa. Mshonaji alimuuliza safari ya wapi. Mzee akasema hakuna safari, anaota jua tu.

Baada ya hapo alibadilika. Dirishani hakumwita mtu tena; alisema ndege wanaogopa macho ya watu. Redio hakuiwasha. Alikula mkate mkavu akiwa amesimama, na ukimpita kwenye ngazi alikushika mkono kwa salamu akasahau kuuachia. Upweke ulikuwa unamla, kila mtu aliuona. Na bado jioni ikifika, kwenye simu ni "bado wapo" tu. Watu wakasema huo ni ukaidi wa uzee, hauna dawa.

Jumamosi moja mshonaji alichoka kunyamaza. Aliazima ngazi ya mpaka rangi, akapanda, akachungulia nyuma ya gome. Aliona vijiti, nyuzi za magome, manyoya machache. Buibui alikuwa ametanda utando wake mlangoni, na utando wenyewe umeshika vumbi.

Alishuka, akaenda moja kwa moja hadi chumbani kwa mzee, hata mikono hakunawa.

"Mzee, wale ndege wameondoka zamani."

"Najua."

Hapo mshonaji akafunguka. Alimwambia hii siyo haki. Binti anapiga simu kila siku ya Mungu, wajukuu wanasubiri, chumba kimeshafagiliwa, na yeye anawachezesha watu kwa ndege wasiokuwepo. Wako wengine, alisema, hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote njoo ukae kwangu. Hapo alikuwa anajisema mwenyewe. Kisha akaichukua simu mezani, akamnyooshea.

"Mpigie mwanao sasa hivi. Mwambie wameruka."

Mzee hakuipokea. Alikuwa anatazama nje, kwenye shina ambalo halikuwa na kitu kinachopanda.

"Nilimwambia," alisema. "Siku ile ile waliyoruka, wewe umekwenda sokoni. Naye akasema, 'Hebu angalia vizuri, Baba. Huenda amebaki mmoja.'"