Meno Mawili ya Halimah

Mtoto wa Jalia alikuwa ameota jino la pili, na Kampala nzima ilijua, kwa sababu Jalia mwenyewe alitangaza habari hiyo redioni. Tatizo lilikuwa moja tu. Jalia hakuwa na mtoto.

Alikuwa mtunzi wa nyimbo za harusi, na kila Alhamisi alasiri redio ilimpa dakika kumi za kupiga porojo: santuri iliyomkosha wiki ile, mchezo wa kuigiza aliokwenda kuutazama, ngoma ya doluka iliyochezwa vizuri huko Bombo, kisha habari za nyumbani. Birika jipya. Pazia. Mtoto. Watu walizipenda hizo habari ndogondogo, maana habari kubwa zote siku hizo zilikuwa za bunduki.

Lakini wapo waliomsikiliza kwa sikio jingine, wamejibanza nyuma ya vibanda vya soko la Kalerwe wakingoja kupelekwa mpakani. Mtoto akiwa na homa, walitulia mafichoni. Mtoto akipata jambo jipya, jino au kicheko, walijua njia ni nyeupe, wakaondoka. Jalia alianza kazi hiyo mwezi uleule mumewe, Marjan, alipotiwa kwenye buti la gari mchana kweupe asirudi tena.

Jumatatu, saa tisa, wanaume wawili waliingia studio bila kubisha hodi. Meja Abudu alikuwa mnene na mcheshi, na ucheshi wenyewe ndio uliotisha. Mwenzake, Kapteni Kamis, alikuwa mkavu, hacheki wala hasemi.

"Mama, kipindi yako tamu sana," alisema Meja, akijiketisha juu ya meza. "Lakini mtoto yako ikiota jino Alhamisi, Ijumaa watu wanatoroka. Hii jino ni ya namna gani?"

"Watoto wote huota meno, afande." Jalia alijikaza kisabuni.

"Basi twende ofisini. Huko tutaongea pole pole."

Jalia alizijua ofisi hizo. Marjan naye aliambiwa wataongea pole pole.

Hapo Kapteni akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Afande, twende kwanza nyumbani kwake. Tuone hiyo mtoto."

Jalia akamchukia kuliko hata Meja. Ofisini angalau angeweza kunyamaza, wakamfanya watakalo. Nyumbani, chumba kitupu kingemwaga mtama chenyewe. Na akishapotea yeye, wale wa Kalerwe wangekaa wakingoja sauti yake mpaka wazolewe mmoja mmoja.

Walimpakia kwenye gari lao la Pijo, wakashika njia ya Kansanga alikokaa. Kapteni aliendesha. Katikati ya safari Meja aligeuka, akamtazama Jalia huku anatabasamu.

"Mwanaume ao mwanamke, hiyo mtoto?"

Kabla hajajibu, Kapteni akasema, macho yake barabarani, "Si alitaja jina redioni, afande? Halimah."

Jalia hakuwahi kutaja jina lolote. Lahaula, huu ni mtego! Akikubali, amekwisha. Akikataa, amekwisha.

"Ndiyo," akasema. "Halimah."

Walipofika, jirani yake Acayo alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha Jalia. Mapajani amempakata mtoto wa miezi kama minane, mwenye kigauni cha manjano.

"Mama Halimah, leo umechelewa!" Acayo akapaza sauti. "Mtoto yako nalia tu, nimechoka!"

Na wewe ungefanya nini? Jalia alinyoosha mikono, akampokea kama mtu anayepokea sufuria ya moto. Mtoto akamtazama usoni, akaangua kilio. Meja akamtia kidole kinywani, akapapasa.

"Mawili," akasema, bila furaha yoyote. "Ya chini."

Mtoto akazidi kulia. Akajipinda, akamnyooshea Kapteni mikono yote miwili. Kapteni akarudi nyuma, mikono yake ameifunga mgongoni, akawa anatazama mabati ya nyumba ya jirani. Meja akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Ona huyu! Napenda magwanda! Hiyo ataolewa na jeshi, wallahi!"

Wakaondoka. Jalia akaketi palepale chini, naye akalia.

"Acayo, dada yangu, umeniokoa. Umemtoa wapi?"

"Mimi?" Acayo akashangaa. "Mama moja ameleta saa sita. Alisema hii mtoto ni ya Jalia, jina Halimah, askari wakija nisiogope. Alikuwa nalia mpaka kitambaa yake imelowa. Mimi nikajua ni wewe umetuma."

"Mimi simjui."

Walimpikia mtoto uji, akautema. Wakamwimbia, Jalia akatoa nyimbo zake zote za harusi, wapi! Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Magharibi mlango ukagongwa, polepole. Jalia akafungua. Kapteni Kamis alisimama pale peke yake, amevaa kanzu, bila bunduki.

Kilio kikakatika. Mtoto akajitupa kifuani mwake, akaushika kwa viganja ule mdomo usiojua kucheka, akacheka yeye, meno mawili nje.

"Alhamisi useme amesimama," Kapteni akanong'ona, shavu lake kichwani mwa mtoto. "Mama yake ameshafunga mizigo. Tuko watatu."