Bolti Iliyolia Vibaya

Kila aliposikia honi ya treni ya matengenezo kutoka Lubunga, ng’ambo ya mto, Djamila aliacha cherehani yake akavuka kwenda kuitazama. Leo kichwa cha treni kilingoja reli ikaguliwe ndipo kipite, kikitetemesha kokoto chini ya kandambili zake, naye hakushiba kukitazama.

Mbele yake mzee msimamizi wa reli, papa kama wote walivyomwita, aligonga bolti za reli kwa nyundo, moja baada ya nyingine. Zote zililia kama kengele. Moja ikalia kama chungu chenye ufa. Papa akapita.

Djamila, miaka yote mtazamaji tu, akaita:

“Papa, rudilia ile ya nyuma. Iko inalia mubaya.”

Papa akarudi, akagonga, akainama. Bolti ikamvunjikia mkononi.

Akampungia dereva azime injini, kisha akamnyooshea Djamila nyundo.

“Bon, mama. Zenye zinabakia, piga weye.”